Gurudumu la Tano Nalo Litembee

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema, "Akiba haiozi." Neno hilo ni kweli kwa fedha iliyowekwa, lakini si kweli kwa mpira wa motokaa. Mpira huzeeka kwa jua, kwa joto na kwa miaka, hata usipokanyaga njia. Basi gurudumu la akiba lililofungwa nyuma ya gari miaka kumi laweza kuonekana jipya, nalo likapasuka siku ya kwanza ya kutumiwa. Na pengine siku hiyo ndiyo mgonjwa anapelekwa hospitali.

Tena magurudumu hayaliki sawasawa. Ya mbele hupinda kona, na breki zikikamatwa uzito wa gari huyaelemea, kwa hiyo huliwa zaidi kingoni. Yale yanayosukumwa na injini huliwa kwa kazi ya kuvuta mzigo. Dawa yake ni zamu.

Kila baada ya kilomita 8,000 hivi, yafaa kuyahamisha. Kwa gari ambalo injini husukuma magurudumu ya nyuma, au yote manne, twafuata mpango huu. La kulia nyuma liende kulia mbele. La kushoto nyuma liende kushoto mbele. La kulia mbele livuke, liende kushoto nyuma. La akiba lishike mahali pa kulia nyuma. La kushoto mbele lipumzike, liwe akiba.

Sasa tufanye hesabu. Baada ya zamu tano gari limekwenda kilomita 40,000, lakini kila mpira umekwenda 32,000 tu. Pasipo zamu, minne ingekwenda 40,000, na wa tano usingekwenda hata moja. Hapo mmoja ukitoboka, mpya na mkuukuu haviwi na kimo kimoja. Katika gari linalosukumwa kwa magurudumu yote manne, tofauti hiyo hulazimisha magurudumu kuzunguka kwa mwendo usiolingana, na vyuma vya kugawa nguvu huchakaa. Gharama yake yapita sana bei ya mpira.

Lakini na tuangalie. Spea nyembamba ya muda haimo katika zamu, wala mpira wa kipimo kingine. Mpira wenye mshale ubavuni, wa kuonyesha upande wa kuzunguka, usivushwe. Gari lisimame mahali tambarare, na mawe yawekwe kuzuia magurudumu kabla ya kupandisha jeki. Nati zikazwe kwa kupishana, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi. Upepo upimwe upya, maana mbele na nyuma pengine hutaka vipimo mbalimbali.

Mpira uliopasuka ngozi, au uliokwisha miaka mingi, uonyeshwe fundi kwanza. Zamu hugawa kazi sawasawa. Haimrudishii mzee ujana.