Mgonjwa Asiye na pa Kulala

Pengine unamfahamu mzee alalaye barazani sokoni, ana kidonda mguuni. Zahanati tunakifunga leo, kesho kimelowa umande na vumbi. Bandeji haitoshi, anahitaji nyumba.

Wengi hudhani hilo ni la polisi. Sivyo. Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji, naye amweleze afisa mtendaji wa kijiji, ili habari ifike kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Kwanza hutafutwa ndugu, kwani Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaihesabu familia kuwa msingi wa matunzo. Wakikosekana, mzee asiyejiweza aweza kupokewa katika makazi ya serikali, kama Bukumbi, Misungwi, au Kolandoto, Shinyanga. Asiondoke bila barua yetu ya zahanati yenye ugonjwa wake na dawa anazotumia.