Mabadiliko ya Tabianchi Chuoni: Tuwafundishe Nini Watoto Wetu?



Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazazi hutuuliza: je, somo la mabadiliko ya tabianchi lina nafasi chuoni, au ni mambo ya skuli tu? Nyuma ya swali hili lipo jengine zito zaidi. Mtoto husikia kuwa bahari imeingia mabondeni kwa sababu ya madhambi ya watu, naye akarudi nyumbani kuuliza babu yake amefanya dhambi gani hata bonde lake la mpunga likaharibiwa na chumvi. Tukinyamaza, mtoto huyo atajenga dhana mbaya kwa mzee wake, au kwa Mola wake.

Kinachotokea

Kwa zaidi ya miaka 150 wanaadamu wamechoma makaa ya mawe, mafuta na gesi kwa wingi, na kukata misitu. Hewa ukaa inayotoka humo hubaki angani na kuzuia joto lisitoke, kama blanketi. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwamo takriban 280 za hewa ukaa. Leo zimepindukia 420.

Bahari hulimeza sehemu kubwa ya joto hilo. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu iliyo juu ya nchi kavu huyeyuka na kumiminikia baharini, ndipo kina cha bahari kinapopanda. Visiwani petu athari zake tunaziona. Pemba yapo mabonde yaliyokuwa yakilimwa mpunga ambayo sasa yameingiliwa na maji ya chumvi. Mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya matumbawe mengi kupauka na kufa, na samaki hukosa makaazi matumbawe yanapokufa. Kina mama wanaolima mwani wameona aina ya cottonii ikiharibika katika maji ya kina kifupi yanayopata joto kali, na wengine wamelazimika kuufuata mwani kwenye kina kikubwa zaidi.

Je, ni adhabu?

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, Allah (S.W.) anatujuulisha kuwa uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili waonje baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Mufasirina wengi wameeleza kuwa maasi ni miongoni mwa sababu za kuondoka baraka, na hilo hatulikanushi. Lakini aya imetaja watu kwa ujumla. Haikumpa mwalimu ruhusa ya kumnyooshea kidole mkulima fulani, wala kijiji fulani, na kusema hawa wameadhibiwa. Hilo ni katika ghaibu. Msiba mmoja unaweza kuwa mtihani kwa huyu, kafara kwa yule na onyo kwa mwengine.

Tunao mfano ulio wazi. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume (S.A.W.), naye yumo katika huzuni, hakuliachia neno hilo lipite. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, na akawaelekeza kwenye sala na dua. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Alisahihisha sababu isiyo ya kweli, na papo hapo akazirejesha nyoyo kwa Mola wao. Mwalimu wa chuo anayefundisha tabianchi anatakiwa afanye yote mawili.

Je, si qadari?

Kila kitu ni kwa qadari ya Allah, na sababu pia ni katika qadari yake. Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa akielekea Sham na kupata habari za tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa iwapo anaikimbia qadari ya Allah, alijibu kuwa wanatoka katika qadari ya Allah kwenda katika qadari ya Allah. Basi kupanda mikoko ili ivunje nguvu ya mawimbi hakupingani na imani, kama vile kunywa dawa hakupingani na dua.

Mikono ya nani?

Hapa uadilifu unahitajika. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotolewa duniani, na visiwa vyetu ni tone tu humo. Sehemu kubwa ya moshi huu imetoka nchi za viwanda. Mtoto aelezwe hivyo, ajue kuwa babu yake amedhulumiwa, na kwamba kudai haki ni jambo la kisheria.

Lakini ipo pia hesabu yetu wenyewe. Aliyekata mikoko kwa kuni na mkaa, aliyechota mchanga ufukweni, aliyevua kwa nyavu za kukokota juu ya matumbawe, si mgeni. Katika hadithi ya Nu'man bin Bashir iliyomo katika Bukhari, Mtume (S.A.W.) amepiga mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine juu, wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Wakiachwa, wote wataghariki. Wakizuiwa, wote wataokoka. Watoto wa visiwani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Namna ya kufundisha

*Watoto wadogo* wasitishwe. Waanze na udhu. Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo haifiki lita moja. Mwalimu apime kiasi hicho katika kopo, mtoto atawadhe kwacho, kisha alinganishe na maji yanayomwagika mferejini.

*Watoto wakubwa* wasomeshwe mwanzo wa Surat Ar-Rahman unaotaja mizani, pamoja na mfano wa jahazi. Kisha wapelekwe mikokoni na mzee anayeijua: mkoko, mchu na mkandaa kila mmoja una pahala pake, na mche uliopandwa pasipo pake hufa.

*Vijana* waelezwe kuwa Waislamu wamelishughulikia jambo hili. Kisiwa cha Misali, ambacho wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alikifanya msala wake, kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na wavuvi wakafundishwa kwa dalili za Qur'ani kuwa bahari ni amana. Mwaka 2015 wanavyuoni na wataalamu walitoa Azimio la Kiislamu la Tabianchi mjini Istanbul, na mwaka 2024 waraka wa Al-Mizan ulizinduliwa Nairobi.

Mtoto anayeuliza kuna faida gani kupanda mche mmoja na dunia ni kubwa, asomewe hadithi ya Anas iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad: Kiama kikisimama na mkononi mwa mtu mna mche, akiweza kuupanda basi aupande.

Muhtasari wa jibu

Inafaa kufundisha tabianchi chuoni, kwani ni sehemu ya kujua amana tuliyopewa. Haifai kuwahukumu waliofikwa na msiba kuwa ndio wenye dhambi. Na yule mtoto aambiwe: babu yako hakulitia bonde chumvi. Muombee, msaidie, na kesho mkapande mikoko pamoja.

Wallahu a'lam.