Kero bila ushahidi haimhamishi mpangaji



Hapa Bluff, kusini mwa bandari ya Durban, mpangaji akipata barua ya "unaleta kero, hama mwisho wa mwezi", wengi wetu huanza kufunga virago. Jamani, tusikimbilie huko. Barua ya mwenye nyumba si hukumu.

Mtaa huu unajua maana ya kuhamishwa bila kusikilizwa. Wazanzibari wa King's Rest, ambao wazee wao waliletwa Natal kuanzia 1873 baada ya kukombolewa utumwani, walihamishiwa Chatsworth miaka ya 1960 kwa sheria ya ubaguzi wa makazi ya 1950. Hawakuwa na kosa, rangi ilitosha. Leo Katiba ya 1996, kifungu 26(3), inasema hakuna mtu atakayetolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyopima mazingira yote. "Hakuna mtu" maana yake hata sisi wageni.

Sheria Na. 19 ya 1998 inataka notisi ya mahakama ikufikie angalau siku 14 kabla ya kusikilizwa. Na anayekutoa bila amri anaweza kufungwa hadi miaka 2.

Sasa, ushahidi. Kesi hizi kwa kawaida huendeshwa kwa hati za kiapo. Soma kiapo chake kwa makini: makelele ya tarehe gani, saa ngapi, nani aliyasikia? "Majirani wanalalamika" ni habari ya kusikia tu, na Sheria Na. 45 ya 1988 haiipokei hivi hivi. Kiapo kikitaja waraka, tuseme daftari la mlinzi, basi Mahakama Kuu kwa Kanuni ya 35(12) inakuruhusu kudai nakala yake. Kabla ya kesi kufunguliwa, Sheria Na. 2 ya 2000 inakuwezesha kuiomba kampuni inayosimamia nyumba kumbukumbu unazohitaji kulinda haki yako. Ina siku 30 za kujibu. Kesi ikishaanza, mlango huo unafungwa, utafuata kanuni za mahakama.

Lakini mambo ni pande mbili. Jirani naye ana haki ya kulala, na kero ya kweli ikithibitishwa utahama. Kwa hiyo jibu kila barua kwa maandishi, tunza ujumbe wa simu, andika tarehe. Usipowasilisha kiapo cha kujibu, hakimu atabaki na maneno ya mwenye nyumba peke yake.