Usilaumu kabureta kabla ya kuchunguza mafuta

PIKIPIKI ya bodaboda inapozimika katikati ya mpando wa Valley Road, jioni abiria akirejea nyumbani Kawangware kutoka katikati ya jiji la Nairobi, hukumu hutolewa papo hapo: kabureta imeharibika. Muda si muda bisibisi hutolewa, skrubu huzungushwa huku na huku, na pikipiki iliyokuwa na hitilafu moja huishia kuwa na mbili.

Kosa hilo huwagharimu wengi. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya sentimita 250 za ujazo, chombo hicho kimekuwa tegemeo la maelfu ya vijana katika mitaa ya Kangemi, Uthiru, Dagoretti na kwingineko. Siku moja ya kukaa gereji ni siku isiyo na mapato, na kwa anayeendesha pikipiki ya mkopo au ya tajiri, deni la siku hiyo halisamehewi.

Ingawa pikipiki za umeme zimeanza kuonekana jijini, na baadhi ya zile mpya hurushiwa petroli kwa mitambo ya kielektroniki, nyingi bado hutumia kabureta. Ndivyo zilivyo pia tuktuk nyingi na baadhi ya pikipiki za magurudumu manne zinazotumiwa na watalii. Kanuni za kuzichunguza ni zile zile.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Injini inapovuta pumzi, hewa hupita kwa kasi mahali penye wembamba na kunyonya petroli kupitia vitundu vidogo ambavyo mafundi huviita jeti. Kwa kila gramu moja ya petroli huhitajika takriban gramu 15 za hewa. Petroli ikipungua, injini hukosa nguvu na kuzimika. Ikizidi, moshi mweusi hutoka na mafuta huisha haraka.

Hatua ya kwanza kwa hivyo si kufungua kabureta, bali ni kuuliza kama petroli inaifikia. Jibu hupatikana kwenye plagi. Baada ya kupiga kiki mara kadhaa bila mafanikio, plagi ing'olewe na kutazamwa. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki, na uchunguzi uanzie kwenye tangi. Ikiwa imelowa, petroli inafika lakini haiwaki: huenda imezidi, imechafuliwa, au plagi yenyewe haitoi cheche.

Plagi ikiwa kavu, kwanza hakikisha tangi lina mafuta na koki imefunguliwa. Kisha mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta uchomolewe na ncha yake iwekwe ndani ya chupa. Koki ikifunguliwa, katika pikipiki nyingi petroli inapaswa kutiririka bila kukatika. Ikidondoka tone moja moja, kichujio kimeziba kwa kutu au takataka, au mpira umejikunja.

Kuna hitilafu nyingine inayowahadaa hata mafundi. Pikipiki hukimbia vyema kilomita kadhaa, huzimika, kisha huwaka tena baada ya kupumzishwa. Mara nyingi tatizo huwa ni tundu dogo la kupitishia hewa kwenye kifuniko cha tangi. Tundu hilo likizibwa na vumbi au matope, hewa haiingii kujaza nafasi ya petroli iliyotumika, nayo petroli iliyosalia hukataa kushuka. Mwendeshaji afungue kifuniko: akisikia hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikawaka muda mfupi baadaye, amepata jibu. Dawa yake ni kusafisha tundu hilo, wala hakuna kipuri cha kununuliwa.

Plagi ikiwa imelowa, ubora wa petroli uchunguzwe. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, maji hupenya kwenye matangi yenye vifuniko vilivyolegea. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, huzama na kujikusanya chini ya tangi na ndani ya kikombe cha kabureta. Chini ya kikombe hicho kuna skrubu ya kumwagia uchafu. Yanayotoka yakingwe ndani ya chupa safi inayopenyeza mwanga. Kama kuna maji, yatajitenga na kutulia chini.

Kisha kuna uchakachuaji. Kwa miaka mingi mafuta taa yaliuzwa kwa bei nafuu kuliko petroli, hali iliyowashawishi walaghai kuyachanganya. Mnamo Septemba 2018 serikali ilianza kutoza ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuziba pengo hilo la bei. Hata hivyo, anayenunua petroli ya chupa kando ya barabara hana njia ya kujua imepitia mikono mingapi.

Mafuta taa hayageuki mvuke upesi kama petroli. Ndiyo maana pikipiki iliyotiwa mchanganyiko huo husumbua kuwaka asubuhi, hasa katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, hugonga injini inapopanda mlima, na plagi yake huvaa masizi meusi. Njia rahisi ya kushuku ni kudondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha doa la mafuta. Iliyochanganywa huchelewa kukauka na huacha doa. Jaribio hilo si ushahidi wa mahakamani, lakini latosha kumfanya mtu abadilishe kituo anachonunulia.

Ni baada ya hayo yote ndipo kabureta inapostahili kufunguliwa. Petroli ikivuja kupitia mrija wa kumwagia ziada, huenda boya limetoboka, au sindano inayofunga petroli imelika au imenaswa na uchafu. Pikipiki ikiwaka kwa choki pekee na kuzimika choki inapoondolewa, jeti ndogo ina uwezekano mkubwa wa kuwa imeziba. Jeti husafishwa kwa kupulizwa hewa yenye nguvu, si kwa kuchokolewa na waya. Hutengenezwa kwa shaba nyeupe iliyo laini, na tundu likipanuka hata kidogo, pikipiki itakunywa mafuta kupita kiasi hadi jeti ibadilishwe.

Kadhalika, kichujio cha hewa kisisahaulike. Vumbi la barabara zisizo na lami likikiziba, hewa hupungua na moshi mweusi huanza. Hewa ya Nairobi yenyewe tayari ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, kwa kuwa jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kichujio kichafu huzidisha upungufu huo.

Anayelazimika kugusa skrubu ya mchanganyiko aihesabu kwanza: aikaze polepole hadi ikome, akihesabu mizunguko, na kuiandika. Ndipo ataweza kuirudisha ilipokuwa endapo mambo yataharibika. Vipuri navyo hupatikana kwa wingi Barabara ya Kirinyaga, iliyoitwa Grogan zamani, lakini ni busara kwenda na kifaa cha zamani ili kilinganishwe na kipya kabla ya kulipa.

Juu ya yote, usalama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi kufikia moto ulio mbali. Wakenya hawajasahau mkasa wa Sachang'wan wa Januari 31, 2009, wala ule wa mtaa wa Sinai, Nairobi, wa Septemba 12, 2011, ambapo petroli iliyomwagika ililipuka na kuua zaidi ya watu 100 katika kila tukio. Kikombe kimoja cha kabureta kinachooshwa kando ya jiko la muuza mahindi chatosha kumchoma fundi na mteja wake. Injini ipoe kwanza, sigara izimwe, na petroli chafu isimwagwe mtaroni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira wa mafuta, kifuniko cha tangi na plagi huchunguzwa kwa dakika chache na kwa spana moja tu. Anayeanzia hapo huenda akarudi barabarani kabla abiria wake hajapata pikipiki nyingine.