Makofi ya ukumbini humwongoza vipi mtazamaji wa runinga?

WENGI wetu huketi mbele ya runinga tukidhani kwamba kipindi cha mahojiano ni mazungumzo tu baina ya mtangazaji na mgeni wake. Hata hivyo, wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Yupo mshiriki wa tatu asiyesema mengi lakini mwenye nguvu kubwa, nayo ni hadhira iliyoketi ukumbini.

Mmarekani Phil Donahue aliitambua nguvu hiyo baada ya kuanzisha kipindi chake mjini Dayton, jimbo la Ohio, mwaka wa 1967. Badala ya kuganda kitini, alishuka na kipaza sauti hadi kwa hadhira, akaiachia iulize maswali. Mtazamaji akajiona kana kwamba naye yumo ukumbini.

Tangu hapo, uso wa mtu asiyejulikana umekuwa malighafi ya mhariri. Kamera moja humlenga mgeni, nyingine mtangazaji, na nyingine huwinda nyuso za hadhira. Mgeni akitamka neno zito, mara tunaonyeshwa mama anayefuta chozi. Tumeshaambiwa, bila kuambiwa, kwamba hapa pana huzuni. Mahali pa mama huyo akiwekwa kijana anayebetua midomo, maneno yaleyale yatasikika kama uongo.

Isitoshe, kipindi kinaporekodiwa kabla ya kupeperushwa, picha ya hadhira hufunika pale mazungumzo yalipokatwa. Mtazamaji hatambui kuwa sentensi kadhaa zimeachwa nje.

Chukua mfano wa kipindi cha Oprah Winfrey kilichopeperushwa kutoka Chicago mnamo Septemba 13, 2004. Watu 11 walipewa magari jukwaani, kisha waliosalia wakagawiwa visanduku na kuelezwa kuwa kimoja tu kina ufunguo wa gari la 12. Kumbe kila kisanduku kilikuwa na ufunguo! Watu 276 walipata magari. Kilichobaki akilini mwa watazamaji si gari, bali vilio, vifijo na kukumbatiana. Ambacho kamera haikuonyesha ni kodi ya mapato iliyowasubiri washindi, ambayo kwa baadhi yao ilifikia dola 7,000.

Lakini si kila kelele ya ukumbini ni ya heri. Machi 1995, katika kipindi cha Jenny Jones kilichorekodiwa pia Chicago, mwanamume mmoja alifichuliwa mbele ya hadhira kwamba anayempenda kisiri ni mwanamume mwenzake. Hadhira ilicheka na kushangilia. Siku tatu baadaye, alimpiga risasi mwenzake huyo na kumuua. Kipindi hicho kiliondolewa kwenye ratiba. Mwaka wa 1999, jopo la mahakama liliagiza familia ya marehemu ilipwe dola milioni 25, uamuzi uliobatilishwa na mahakama ya rufaa mwaka wa 2002.

Sheria ilisema lake, ila funzo lingali pale pale. Kazi ya mhariri, awe wa gazeti au wa runinga, ni kuchagua, na kila kinachochaguliwa huacha kingine nje. Basi msomaji, siku utakapojikuta unalia kwa sababu mtu fulani ukumbini analia, jiulize ni nyuso ngapi zilizokuwa kavu ambazo hukuonyeshwa.