Meza ya Kisolanza na Sahani ya Mtoto

Msafiri atokaye Iringa kuelekea Mbeya, akishaipita Isimila na kutimiza kilomita 50 hivi, hukuta kando ya barabara kuu shamba la Kisolanza, lililoanzishwa katika miaka ya 1930. Nyumba yake kongwe sasa hupokea wageni, na mlo wa jioni huandaliwa kwa mwanga wa mishumaa. Mboga, mayai na nyama hutoka katika shamba lenyewe. Mbeya nako ipo hoteli ya zamani iliyokuwa ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Jambo la kuchekesha kidogo, kwani treni haikufika mji huo hadi TAZARA ilipojengwa katika miaka ya 1970. Wageni wa awali wa hoteli hiyo ya reli walifika kwa barabara.

Kwangu mimi, daktari wa watoto, kinachovutia katika meza ya Kisolanza ni wingi wa aina za vyakula, vyote vikiwa vimeoteshwa au kufugwa hapo hapo. Udongo huo huo wa Iringa unalea watoto waliodumaa kuliko mkoa mwingine wowote nchini: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa na udumavu, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Ghala limejaa, mtoto ni mfupi kuliko umri wake.

Zipo sababu nyingi, yakiwamo maradhi ya mara kwa mara na mama kulemewa na kazi za shamba, lakini sahani ina sehemu yake. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino za laisini na triptofani, na faiteti zilizomo katika nafaka huzuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Maharage huongeza laisini. Kuloweka au kuchachusha nafaka hupunguza faiteti. Tumbo la mtoto ni dogo, hivyo uji mwepesi hulijaza upesi bila kumjenga. Kuanzia miezi sita, mtoto anahitaji kila siku angalau makundi matano ya chakula kati ya manane, maziwa ya mama yakiwa mojawapo.

Makundi hayo yapo vijijini. Maharage, parachichi, maziwa na mayai hupakiwa kila siku kwenda sokoni, kwa kuwa ada ya shule na mbolea havilipwi kwa ugali.

Kliniki humwuliza mama: jana mtoto alikula nini na nini? Mara nyingi orodha huishia kwenye uji na ugali wenye mchuzi. Hapo ndipo mazungumzo yetu huanza, kwa kawaida juu ya yai moja lililokwisha kupangwa kwenye trei ya kuuzwa.