Binti Alipomtengenezea Bibi Yake Kikuza Sauti

Kila baada ya swala ya alasiri, mamangu mzazi, mwenye umri wa miaka 81, huishikilia simu sikioni apate kusikiliza darsa ya tafsiri. Masikio yamechoka, na spika ya simu ni ndogo. Binti yangu akaniomba idhini ya kumtengenezea bibi yake kikuza sauti, kwa vipande viuzwavyo vikiwa vimefungwa pamoja ili mtu aviunganishe mwenyewe nyumbani. Ami zake wakacheka: lini mtoto wa kike akatia lehemu? Nakiri kwamba nami nilisita. Lakini chombo hicho hutumia betri ya volti 9, wala hakichomekwi kwenye umeme wa ukutani, basi nikamruhusu.

Moyo wake ni chipu iitwayo LM386, yenye miguu 8. Kapasita zilizo kama vikopo zina upande chanya na upande hasi: mguu mrefu ndio chanya, na mstari wa ubavuni huonyesha hasi. Msomaji wa Qur'ani ataelewa upesi, kwani fat-ha ikitiwa mahali pa kasra, maana hugeuka.

Lehemu ya kawaida ni mchanganyiko wa bati na risasi, na risasi ni sumu. Tukafungua madirisha, wadogo wakatolewa chumbani, na mikono ikaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Kazi ilipokwisha, kimya! Ami mmoja akashauri kipelekwe kwa fundi. Binti hakumjibu. Alitoa betri, akakagua kiungo kimoja kimoja. Kiungo kizuri hung'aa na kuukumbatia mguu. Kile cha waya wa spika kilikuwa kimefifia, kimejiviringa kama tone. Alikuwa ameidondosha lehemu juu ya waya uliokuwa ungali baridi. Safari hii akaupasha moto waya pamoja na kibao kwa sekunde 2 au 3, ndipo lehemu ikafuata.

Sauti ikatoka, ila kwa mvumo uliomeza maneno. Kapasita iunganishayo mguu wa 1 na wa 8 huifanya chipu ikuze mara 200. Pasipo hiyo, hukuza mara 20 tu. Akaing'oa, na maneno yakatakata, alhamdulillahi.

Mamangu alikaa mkekani, mikono mapajani, akasikiliza darsa nzima bila ya kuuliza, "Amesemaje?" Kisha akainua kidole.

"Zima, mwanangu. Maghribi hiyo yaadhiniwa."